Mfumo Gani Unakifaa Kikosi Chako? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa kocha mwenye kikosi mkononi na mechi mbele yake. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipoelezwa kwa urefu mahali pengine, tumetaja namba ya swali la kwenda kulisoma.

## Mambo ya msingi

1. Namba za mfumo zinasomwaje?

Zinasomwa kutoka nyuma kwenda mbele, na kipa hahesabiwi. 4-3-3 ni mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. Jumla lazima ifike 10. Namba zikiwa nne, kama 4-2-3-1, ujue eneo la kiungo limegawanywa mistari miwili: wawili wanakaa mbele ya mabeki, na watatu wanacheza nyuma ya mshambuliaji wa kati.

Namba hizo hazisemi nani anakaba juu, nani anapanda, wala mpira unatokaje nyuma. Timu mbili zinaweza kuingia uwanjani zote zikiwa 4-4-2, moja ikacheza mipira mirefu na nyingine pasi za chini. Mfumo ni mahali pa kuanzia. Majukumu ndiyo mchezo wenyewe.

2. Niliipanga timu 4-3-3, mbona uwanjani naona 4-5-1?

Kwa sababu kila mfumo una sura mbili, yaani timu ikiwa na mpira na ikiwa haina. Mawinga wa 4-3-3 wakirudi kusaidia mabeki wa pembeni, unaona watu watano katikati. Hilo si kosa. Kosa ni mawinga kurudi na kubaki huko hata mpira ukishapatikana.

Kipimo chake ni rahisi. Timu yako inaponyang'anya mpira, hesabu polepole hadi sita, kisha tazama ni wangapi wako mbele ya mpira. Wakiwa mmoja au wawili mechi nzima, huchezi 4-3-3, unacheza 4-5-1 bila kukusudia. Ndiyo maana ubaoni unapaswa kuchora picha mbili kila mara. Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso, iliyomaliza Bundesliga 2023/24 bila kufungwa, ilionekana kwenye karatasi kuwa 3-4-2-1. Ikiwa na mpira, Grimaldo na Frimpong walipanda pembeni hadi timu ikawa na watu watano mstari wa mbele. Mpira ukipotea, walewale walishuka na nyuma wakawa watano.

3. Mfumo upi ni bora kuliko yote?

Hakuna. Brazil ilitwaa Kombe la Dunia 1958 kwa 4-2-4. Uingereza ikalitwaa 1966 bila mawinga halisi. Argentina ilifika kileleni 1986 kwa mabeki watatu na viungo watano. Hispania iliianza fainali ya Euro 2012 bila mshambuliaji wa kati halisi, Cesc Fàbregas akiwekwa mbele, na ikaifunga Italia 4-0. Leicester City ikawa bingwa wa Uingereza 2016 kwa 4-4-2, mfumo ambao wengi walikuwa wameshauweka kando. Iliuweza kwa sababu ilikuwa na N'Golo Kanté aliyefunika eneo la watu wawili, na Jamie Vardy aliyekuwa na kasi ya kuifukuzia mipira iliyopigwa nyuma ya mabeki.

4. Nianze na mfumo ninaoupenda au na wachezaji nilionao?

Anza na wachezaji. Anayeweza kusajili mtu kwa kila nafasi anaweza kuuweka mfumo mbele. Wengine wote wanapika kwa kilichomo jikoni.

Mfano mzuri ni Chelsea ya Antonio Conte. Septemba 2016 ilifungwa 3-0 na Arsenal ikicheza na mabeki wanne. Kipindi cha pili cha mechi hiyohiyo Conte alihamia kwenye mabeki watatu, na mechi zilizofuata akabaki na 3-4-3. Chelsea ikashinda mechi 13 mfululizo za ligi na ikamaliza msimu ikiwa bingwa. Wachezaji walikuwa walewale, ila kila mmoja alihamia mahali palipomfaa zaidi. Victor Moses, ambaye kwa asili ni winga, alipewa ubavu mzima wa kulia. David Luiz aliwekwa katikati ya mabeki wawili wa kumlinda, akabaki na kazi anayoiweza ya kusoma mchezo na kupiga pasi. Eden Hazard akapunguziwa safari ndefu za kurudi kukaba.

## Kukipima kikosi

5. Nakipimaje kikosi kabla ya kuchagua mfumo?

Chora jedwali. Kila mchezaji apate mstari wake wenye nafasi yake ya kwanza, nafasi ya pili ambayo amewahi kuicheza kweli (si ile anayodhani angeiweza), mguu anaoutumia, kasi, mipira ya juu, pumzi, kukaba mtu kwa mtu, na utulivu wa pasi akiwa na presha. Toa alama 1 hadi 3 tu. 1 ni hawezi, 2 ni anatosha, 3 ni hushinda wengi wa kiwango chenu. Alama za 1 hadi 10 huzaa ubishi na hazikusaidii kuamua.

Usitoe alama kwa kukumbuka. Pima:

- Kasi: mbio za mita 30 kwa saa ya kusimamisha, mara mbili, chukua ile bora.
- Kasi akiwa amechoka: mbio sita za mita 30, mapumziko sekunde 25 kati ya moja na nyingine. Linganisha ya kwanza na ya sita. Huyu ndiye mchezaji utakayekuwa naye dakika ya 75.
- Pumzi: jaribio la Cooper, kukimbia dakika 12. Kwa watu wazima, anayetaka kumiliki ubavu mzima peke yake tungependa afikishe mita 2,800.
- Pasi: wanne dhidi ya wawili kwenye mraba wa mita 10, mguso mmoja au miwili. Hesabu mpira unapotea kwa nani.
- Mtu kwa mtu: mshambuliaji dhidi ya beki kwenye njia ya mita 15 kwa 10, mara sita kila jozi.

Kisha hesabu kwa nafasi. Mabeki wa kati wenye alama 2 kwenda juu ni wangapi? Wa pembeni wenye pumzi ya 3 wapo? Yupo anayeweza kupokea mpira akiwa ameupa mgongo uwanja wa mpinzani, akageuka? Weka duara jekundu pale ambapo una mtu mmoja tu. Maduara hayo yana uzito kuliko nyota zako, kwa sababu mfumo mzuri kwanza huziba tundu, ndipo hupamba.

6. Nafasi zipi hasa zinaamua mfumo?

Kwa maoni yetu ni nne, na zinafuatana hivi.

Ya kwanza ni mabeki wa kati. Ukiwa nao watatu tu kwenye kikosi kizima, mfumo wa mabeki watatu ni kamari. Kadi moja au kifundo kimoja cha mguu kikiteguka, mpango wote umeanguka. Waliopo wakiwa wazito, usiwaweke mbali na boksi lao.

Ya pili ni kiungo mkabaji, yule mkata umeme. Akiwepo anayeweza kusimama peke yake, milango ya 4-3-3 na almasi (viungo wanne wakipangwa kwa umbo la almasi, swali la 14) iko wazi. Asipokuwepo, weka wawili. Hapa makocha wengi hujidanganya: wanampa kazi hiyo mchezaji mwenye pasi nzuri asiyependa kukimbia, na mabeki ndio wanaolipia.

Ya tatu ni watu wa pembeni. Je, mabeki wako wa pembeni wanapanda, au ni mabeki wa kati waliosukumwa ubavuni? Mawinga wako wanarudi?

Ya nne ni mshambuliaji wa kati. Anayeweza kuuficha mpira akiwa na beki mgongoni anaweza kuachwa peke yake mbele. Anayeishi kwa kasi na pasi mpenyezo anahitaji mwenzake karibu, au timu inayotoka haraka.

7. Je, kipa naye ana neno kwenye mfumo?

Anaamua urefu wa timu. Mabeki wakisimama karibu na nusu ya uwanja, nyuma yao kuna mita 40 au zaidi, na kipa ndiye anayeilinda nafasi hiyo. Kipa asiyetoka golini anailazimisha timu ishuke, hata kama mfumo ulichorwa kwa ajili ya kukabia juu.

Pia angalia miguu yake. Tangu sheria ilipobadilishwa 2019, mpira wa golikiki unaweza kupokelewa ndani ya boksi. Timu nyingi huanzia hapo kwa mabeki wawili kusimama kando ya kipa. Kipa asiyejiamini na mpira akilazimishwa mchezo huo, mtafungwa mabao mepesi. Mwache apige mrefu, na hakikisha mfumo una watu wa kuwania mpira wa pili, yaani unaodondoka baada ya kugombewa hewani.

8. Wachezaji wangu wawili bora wanacheza nafasi moja. Nifanyeje?

Jiulize kama mmoja wao anaweza kufanya kazi ya ulinzi ya nafasi mpya, kwa sababu ya ushambuliaji ataizoea. Namba 10 wawili (viungo wachezeshaji wa nyuma ya mshambuliaji) wanaweza kukaa pamoja kwenye 3-4-2-1, kila mmoja upande wake nyuma ya mshambuliaji. Kwenye mabeki wanne, mmoja anaweza kuanzia winga wa upande ulio kinyume na mguu wake na kuingia ndani, ila beki wa upande huo awe mpandaji, la sivyo ubavu wote unakufa. Washambuliaji wawili wa kati wanadai 4-4-2 au 3-5-2.

Wakishindwa wote wawili kukaba popote pengine, mmoja aanzie benchi. Inauma, lakini dakika 30 za mtu mwenye miguu mipya dhidi ya mabeki waliochoka ni zawadi kubwa.

## Mfumo mmoja mmoja

9. 4-4-2 inafaa lini?

Ukiwa na washambuliaji wawili wanaoelewana, viungo wawili wa kati wenye mapafu, na mawinga wanaokubali kurudi. Faida yake inayosahaulika ni kwamba inafundishika haraka, maana kila mchezaji ana pacha wake: beki wa kulia na winga wa kulia, viungo wawili, washambuliaji wawili.

Siri yake ni umbali. Milan ya Arrigo Sacchi, bingwa wa Ulaya 1989 na 1990, ililenga kama mita 25 kutoka mstari wa mabeki hadi kwa mshambuliaji wa mbele. Timu ya kawaida ijitahidi isizidi 35. Kwa upana, fanya hesabu hii: uwanja una mita 68, na mabeki wanne waliotengana mita 10 wanafunika mita 30. Zinabaki 38 zisizo na mtu. Hazifunikwi kwa kutawanyika, bali kwa kusogea pamoja kuelekea mpira uliko na kuuacha wazi upande wa mbali. Mpira ukihamishwa kwenda upande huo, mstari mzima uanze kusogea mpira ukiwa bado hewani. Wakisubiri utue, wamechelewa.

Udhaifu unaojulikana ni viungo wawili kukutana na watatu. Dawa ya kwanza ni mshambuliaji mmoja kushuka na kumfunika kiungo mkabaji wa mpinzani. Ya pili ni winga wa upande usio na mpira kuingia ndani. Vyote vikishindikana, nenda swali la 11.

10. 4-3-3 inahitaji nini ambacho wengi hawana?

Namba 6, yaani kiungo mkabaji, anayejitosheleza, na viungo wawili mbele yake wanaopanda na kushuka bila kukumbushwa. Mawinga wenye chenga huvutia macho, lakini mfumo huu huvunjika katikati kabla ya kuvunjika pembeni.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: mabeki wote wawili wa pembeni wamepanda, viungo wawili wameingia boksi, mpira unapotea, na namba 6 anabaki na uwanja mzima mbele ya mabeki wawili. Weka sheria moja isiyojadiliwa: beki mmoja akipanda, mwingine anabaki. Hapo nyuma kuna watatu na namba 6 mbele yao, na watu wanne wanatosha kuchelewesha shambulizi la kushtukiza la wawili au watatu.

11. 4-2-3-1 ina tofauti gani na 4-3-3?

Ni pembetatu ya viungo iliyogeuzwa. Kwenye 4-3-3 ncha moja iko nyuma. Kwenye 4-2-3-1 iko mbele, ndiye namba 10. Ichague ukiwa na mchezeshaji halisi anayestahili kuwekewa walinzi wawili nyuma yake, au ukikosa namba 6 wa kusimama peke yake. Wale wawili wa chini wasifanane: mmoja mkabaji, mwingine mpiga pasi. Wakabaji wawili pamoja watalinda vizuri, lakini mpira hautatoka nyuma. Namba 10 naye ana kazi bila mpira. Asipomkaba kiungo wa chini wa mpinzani, unacheza pungufu kila mnapopoteza mpira.

12. Nicheze mabeki watatu lini?

Ukiwa na mabeki wa kati wanne wanaoaminika kikosini, na watu wawili wa pembeni wenye pumzi ya alama 3 (swali la 5). Masharti haya yaende pamoja. Mchezaji mmoja anamiliki ubavu mzima, mita 105 za kupanda na kushuka, na hana winga wa kumsaidia.

Wale mabeki wawili wa nje kati ya watatu nao si wa kawaida. Hutolewa hadi pembeni kukaba winga mtu kwa mtu, na timu ikiwa na mpira wanatakiwa kusonga nao mbele. Beki wa kati anayejua kuruka na kuondosha tu anafaa katikati ya watatu, si nje.

Tazama pia unayecheza naye. Dhidi ya washambuliaji wawili, mabeki watatu ni hesabu safi, wawili wanakaba na mmoja anafunika. Dhidi ya mshambuliaji mmoja una watu watatu kwa kazi ya mtu mmoja, hivyo mmoja lazima apande na mpira kiungoni, vinginevyo umempa mpinzani mtu wa ziada mahali pengine. Dhidi ya watatu mbele wanaotanuka, watu wako wa pembeni watasukumwa chini na nyuma mtakuwa watano.

Hapo ndipo mfumo huu hufa. Dalili zake: timu haivuki nusu ya uwanja, kila mpira unaoondoshwa unarudi, na viungo wawili au watatu wanakimbia kama kumi. Kuwapigia kelele wapande haisaidii, kwa sababu kinachowashikilia chini ni mawinga wa mpinzani. Tafuta njia ya kuwatoa: mshambuliaji aende pembeni apokee mpira mrefu na kuushikilia, timu ipate sekunde nne tano za kupanda.

3-5-2 au 3-4-3? Washambuliaji wawili wa kati na viungo watatu wazuri, 3-5-2. Wachezaji wabunifu wanaopenda kuanzia pembeni kisha waingie ndani, 3-4-3.

13. 5-4-1 ni woga?

Hapana, mradi timu ijue inatokaje. Tunachokipinga ni kuivaa ghafla, na watu wasio timamu. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, Morocco iliyokuwa imefika pale kwa mabeki wanne iliianza mechi dhidi ya Ufaransa ikiwa na watano nyuma. Nayef Aguerd aliondolewa kwenye orodha wakati wa kupasha misuli, na nahodha Romain Saïss alitoka takribani dakika ya 20 kwa jeraha. Bao la kwanza lilikuwa limeshaingia dakika ya 5. Morocco ilirudi kwenye mabeki wanne, na ikacheza vizuri zaidi muda mrefu uliobaki, ingawa ilifungwa 2-0.

14. Na 4-4-2 ya almasi?

Ni kwa kikosi kisicho na mawinga lakini chenye viungo wengi. Katikati utakuwa mfalme. Pembeni utakuwa na beki mmoja kila upande, basi. Mpinzani akiwa na beki na winga wanaosaidiana, kiungo wa ubavu wa almasi lazima atoke kumsaidia beki wake, kila mara, dakika 90. Kama huna wa kufanya hivyo, achana nayo.

15. Sina mshambuliaji wa kati. Nifanyeje?

Unaweza kumweka kiungo mbele akashuka kupokea mpira, ili beki wa kati asijue amfuate au abaki. Mbinu hii ni ya kale: Nándor Hidegkuti aliicheza Hungary ilipoifunga Uingereza 6-3 pale Wembley mwaka 1953, na Lionel Messi aliicheza Barcelona iliposhinda 6-2 nyumbani kwa Real Madrid Mei 2009. Masharti yake ni mawili. Mawinga wakimbilie nyuma ya mabeki kila yule wa kati anaposhuka, na krosi za juu ziachwe. Bila mbio hizo za mawinga, mtapiga pasi nyingi mbele ya boksi na hamtaingia ndani ya 18.

## Mazoezi na siku ya mechi

16. Timu inahitaji muda gani kuuzoea mfumo mpya?

Panga vipindi sita vya mazoezi na mechi mbili za kirafiki kabla ya mechi yenye pointi. Vipindi viwili vya kwanza ni 11 bila mpinzani, kutembea kisha kukimbia, mpira ukihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto na kila mtu akijua hatua zake. Viwili vinavyofuata ni nusu uwanja: mabeki na viungo wako dhidi ya washambuliaji sita au saba. Viwili vya mwisho ni mchezo kamili, unaosimamishwa pale tu umbali unapoharibika. Usiusimamishe kwa pasi mbovu, au wachezaji watadhani wanapimwa pasi.

17. Nitajuaje kama tatizo ni mfumo au ni wachezaji?

Chora uwanja, gawa maeneo tisa. Kwa mechi tatu, weka nukta mahali ambapo kila shambulizi la hatari la mpinzani lilianzia. Nukta nyingi zikikusanyika eneo lilelile dhidi ya wapinzani tofauti, mfumo una tundu hapo. Zikitawanyika lakini kila moja imetokana na mtu yuleyule kupoteza mpira au kuachwa na mtu wake, ni suala la mchezaji. Mechi moja haitoshi kuhukumu chochote.

18. Nibadilishe mfumo kumfuata mpinzani?

Badilisha majukumu kabla ya kubadilisha mfumo. Mpinzani ana kiungo mmoja anayeendesha kila kitu? Mpe namba 10 wako kazi ya kumkaba. Winga wao wa kulia anatisha? Beki wako wa kushoto asipande, na winga wako wa kushoto ashuke mita 10. Timu inayobadilisha mfumo mzima kila wiki haifiki kuujua hata mmoja.

19. Nikitaka kubadilisha katikati ya mechi, nifanyeje bila kuichanganya timu?

Mabadiliko yaguse watu wawili, watatu wakizidi, na yawe yamefanyiwa mazoezi. Lililo rahisi kuliko yote ni namba 6 kushuka katikati ya mabeki wa kati na mabeki wa pembeni kupanda. 4-3-3 imekuwa 3-4-3 na hakuna aliyetoka. Mpe ujumbe mchezaji mmoja aliye karibu na katikati, mpira ukiwa umesimama. Kupiga kelele kwa winga wa upande wa pili hakufiki.

Mashindano mengi yanaruhusu wachezaji watano wa akiba katika nafasi tatu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko. Ukizitumia zote tatu kufikia dakika ya 70, jeraha la dakika ya 80 litakuacha pungufu.

Kosa la kawaida ni kulinda bao kwa kumtoa mchezaji wa mbele mwenye kasi na kumwingiza beki. Mabeki wa mpinzani, wasio na wa kumhofia, wanapanda wote, na dakika 15 za mwisho zinachezwa ndani ya boksi lako. Mwache mwenye kasi. Mtoe aliyechoka.

20. Nimepata kadi nyekundu. Nipange vipi?

4-4-1 ni chaguo la kwanza kwa wengi, kwa sababu mistari miwili ya wanne inabaki. Aliyetolewa akiwa beki wa kati, usijaribu kuishi na kiungo aliyeazimwa nyuma zaidi ya dakika chache. Mtoe mshambuliaji au namba 10, ingiza beki halisi. Atakayebaki mbele awe mwenye kasi, au mwenye nguvu ya kushikilia mpira. Nyuma kwa bao moja na muda mwingi umebaki? 4-3-2 inawezekana, lakini ubavu mmoja utakuwa wazi daima, na kipa aambiwe ni upi.

## Hali zisizo za kawaida

21. Uwanja ukiwa mwembamba, mpana au wa matope?

Sheria zinaruhusu upana wa mita 45 hadi 90 kwa mechi za kawaida, kwa hiyo viwanja viwili vinaweza kuwa ni michezo miwili tofauti. Upime kwa hatua kabla ya kupasha misuli. Chini ya mita 60, mawinga wanakosa nafasi, huku almasi na 3-5-2 zikiziba udhaifu wao wa pembeni, na mipira ya kurusha na kona inakuwa na uzito wa pekee. Uwanja mpana huadhibu almasi bila huruma.

Kwenye matope, pasi fupi za kuanzia nyuma ni hatari kwa sababu mpira unakwama kabla haujafika. Weka wawili mbele na kiungo mmoja wa kuwania mpira wa pili.

22. Nina wachezaji 13 au 14 tu. Nifanye nini?

Chagua mfumo usiokula miguu: 4-4-2 au 4-2-3-1, kukaba kuanzie kwenye mstari wa kati, si juu. Epuka mabeki watatu (swali la 12). Wafundishe watatu kati yao nafasi mbili kila mmoja, hasa beki wa kati na kiungo mkabaji, kwa sababu maumivu ya hapo hayana dawa ya haraka. Mchezaji wa akiba wa kwanza awe wa pembeni, maana hao ndio huishiwa pumzi mapema.

23. Watoto wafundishwe mfumo gani?

Kwa saba kila upande, 2-3-1 inawapa pembetatu za pasi kila mahali. Kwa tisa, 3-2-3 au 3-3-2. Mzungushe kila mtoto angalau kwenye mistari miwili kwa msimu. Mtoto wa miaka 10 aliyefungiwa beki kwa sababu ni mkubwa wa mwili atafikisha 15 wenzake wamemfikia urefu, naye hajawahi kujifunza kugeuka na mpira.